Ukuta wa Libuyu

Kwanza nilisikia mfuniko. Mfuniko wa kopo la rangi unapong'olewa kwa bisibisi una mlio wake: krak, kimya kidogo, krak tena upande wa pili, kama mtu anayevunja mfupa bila haraka. Nilikuwa nimelala chali chini ya meza, ndani kabisa ya mashua, nikikaza skurubu ya mwisho, na mbele ya macho yangu hakukuwa na kitu ila ubao. Lakini nilijua. Kopo langu la vanishi lilikuwa karibu na mguu wangu, limefungwa. Kama kopo linafunguliwa huko juu, basi si la vanishi.

Nilitoka kwa haraka nikajigonga kichwa, nikapanda ngazi.

Madamu Kabatesi alikuwa amechuchumaa kwenye sitaha na bisibisi mkononi. Mbele yake makopo manane ya rangi nyeupe yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kama askari.

"Usinitazame hivyo, Hitimana," alisema. "Mimi ndiye ninayetafuta wageni, na wageni hawalali ndani ya jeneza."

"Jeneza?"

"Jeneza. Ubao chini, ubao juu, ubao kushoto, ubao kulia. Mtu akishuka ngazi anapapasa kama kipofu. Nataka mwanga. Tutapaka nyeupe kila mahali, tubakize mbao nyembamba za ukingoni tu."

Madamu Kabatesi alikulia Mwanza kabla ya familia yake kurudi Rwanda, na Kiswahili chake kimenyooka, kila neno limepigwa pasi. Mtu akikutukana kwa Kiswahili kama kile, unachelewa kuumia.

Mashua ilikuwa yake. Mita kumi na mbili, mlingoti mmoja, imekaa juu ya magogo hatua ishirini kutoka ziwani. Chuma chake kilichomelewa na mafundi wa Goma, na kazi yake itakuwa kubeba wageni sita kwa tanga kutoka Gisenyi hadi Kibuye, siku tatu, wakilala humo humo. Chuma si kazi yangu. Yangu ilikuwa kila kitu ambacho mgeni atakigusa akishashuka ngazi: viti vyenye masanduku chini yake, meza yenye ukingo ili sahani zisiteleze mashua ikilala ubavu, vishikio vya mkono darini, vitanda vinavyoingia ndani ya mbavu za chombo. Katika miezi saba sikuacha kona hata moja yenye ncha. Kwenye mashua mtu huanguka, na kona ya duara humsamehe.

Na kulikuwa na ukuta. Ule unaoitenga sebule na chumba cha mbele, ambao jicho la mtu anayeshuka linaufikia kabla ya kitu kingine. Niliutengeneza kwa libuyu, ule mti mwekundu wa Kongo, mbao sita kutoka gogo moja. Nilizifungua mbili mbili kama kurasa za kitabu, hata mishipa ya ubao wa kushoto ikatazamana na mishipa ya ubao wa kulia. Nilitembea mpakani wiki mbili nikitafuta gogo lile. Nilikataa magogo tisa. Kuupaka ukuta ule rangi nyeupe ni kumfunika mtu aliye hai shuka usoni.

"Nyeupe paka kwingine kote," nilisema. "Huo ukuta niachie."

"Una giza."

"Una giza kwa sababu haujapata vanishi yote. Mti ukishapata mikono minne ya vanishi haumezi mwanga, unaurudisha. Utaona dirisha ndani ya ukuta."

Alicheka, lakini aliweka bisibisi chini. "Maneno unayo. Sikiliza. Wageni wa kwanza wanaingia wiki ijayo, Jumamosi. Rangi inahitaji siku za kutoa harufu. Leo ni Jumatatu. Ijumaa saa nne asubuhi nitashuka ngazi hiyo. Nikijiona usoni kwenye ukuta wako, ukuta utabaki ulivyo. Nisipojiona, utashika brashi wewe mwenyewe, nyeupe, juu mpaka chini."

"Utajiona," nilisema, "na utaona aibu."

"Mdomo wako utakuponza."

Akashuka akaenda zake. Nilimpigia mama simu hapo hapo. Mama yangu, Verediane, anakaa Nyundo. Miaka ishirini na sita amepiga nta sakafu za nyumba ya masista, kwa magoti, kwa ile nta nyekundu ya kopo ambayo kila nyumba yenye sakafu ya saruji inaijua. Alikuwa hajawahi kuona kazi yangu hata moja, maana kazi zangu huishia kwenye nyumba ambazo hatuingii.

"Njoo Ijumaa," nilimwambia. "Utaona ukuta unaong'aa kuliko sakafu zako zote."

"Kuliko ya kanisa dogo la masista?"

"Kuliko hiyo."

"Uongo," alisema, lakini nilisikia anafurahi. "Nitavaa nini?"

*

Vanishi si rangi. Rangi huficha makosa ya fundi, vanishi huyatangaza. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, unautia tina ya kuufanya mwepesi, nusu kwa nusu, ili uzame. Ukikauka unausugua kwa msasa mpaka mng'ao wote ufe, unafuta vumbi, unatia mkono wa pili. Unausugua tena. Kila mara unaua kile ulichokipenda jana. Asiyejua kazi akiuona ukuta siku ya msasa atakuhurumia, kwa kuwa umepauka, umefubaa, kama uso wa mtu aliyetoka hospitali. Lakini bila msasa mkono unaofuata hauna pa kushika.

Adui wa vanishi ni mafuta. Vumbi la Gisenyi utalifuta, mvua utaisubiri. Lakini mahali penye mafuta, hata ya kidole, vanishi hujikunja na kukimbia, inaacha tundu la duara linalokutazama. Sisi tunayaita macho. Ukishaona macho, umekwisha.

Ndiyo maana sikuelewana na Habib. Alikuwa fundi wa mito na magodoro, mtu mzima wa familia za zamani za mjini, mwenye kofia yake na cherehani yake, aliyemwita kila kijana petit, amekaa kwenye sitaha chini ya turubai, karibu kabisa na dirisha la juu la sebule yangu.

"Papa Habib," nilimwambia Jumanne, "mafuta ya mashini yako iko juu ya kichwa yangu."

"Mafuta iko mu kakopo," alijibu bila kuinua uso. "Kakopo iko mu sanduku. Sanduku iko chini ya muguu yangu. Unataka niimeze?"

"Tone moja tu ikianguka, vanishi itakataa."

"Bon. Vanishi yako ni kama bibi arusi wa Kigali. Kila kitu inakataa."

"Papa Habib, sicheki."

"Naona, petit. We hauchekake. Siku utacheka, mi nitafunga mashini niende kuita watu."

Jumatano mkono wa tatu ulikauka vizuri. Alhamisi asubuhi niliusugua kwa msasa laini kabisa, polepole, mpaka ukuta wote ukafubaa sawasawa. Uliobaki ni mkono wa mwisho, ule wa kioo. Tina ilikuwa imebaki tone chupani, nikaenda mjini kununua. Mwenye duka alikuwa amefunga akaenda kula, nikamsubiri mlangoni pake kwa hasira. Niliporudi ilikuwa saa nane na wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa volkano. Habib alikuwa anafunika cherehani yake aondoke kabla ya mvua.

"Mama yako alipita," alisema. "Alitoka kazini kwa masista. Aliacha sufuria ya chakula. Nikamuacha ashuke aone kazi yako."

"Vizuri."

"Alikaa sana kule chini."

"Mama anapenda kazi yangu."

"Ee. Naona anapenda." Alisimama na turubai mkononi kama mtu mwenye neno lingine. "Petit, ule ukuta..."

"Papa Habib, mvua inakuja. Niache nifanye kazi."

Akaniacha.

Kule chini kulikuwa na giza la wingu. Nilisimama mbele ya ukuta, na nasema ukweli ambao sipendi kuusema: niliuona una mng'ao. Mdogo, wa chini chini, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuoga. Asubuhi nilikuwa nimeuacha umefubaa. Fundi mwenye akili angejiuliza. Angefuta ukuta wote kwa kitambaa chenye tina, kama nilivyofanya kabla ya kila mkono, kama nilivyofundishwa. Mimi nilijisifu. Nilijiambia: tazama mkono wako, Hitimana, hata msasa umeshindwa kuuzima. Mvua ilikuwa inagonga sitaha, unyevu unaingia, na sikufuta. Nilifungua kopo nikaanza kupaka, kutoka juu kushuka chini, mapigo marefu.

Nilipofika ubao wa tatu, ubao wa kwanza ulifungua jicho.

Likafuata la pili. Halafu kumi. Vanishi ilijikusanya matone matone, ikakimbia mti kama maji juu ya jani la muhogo. Nilifuta kwa tina, nikapaka tena, macho yakafunguka tena, makubwa zaidi. Nilifuta na kupaka mpaka chupa ya tina ikaisha. Mwishowe nilikaa chini na ukuta ukanitazama kwa macho yake mia.

Mtu mmoja tu alikuja kichwani mwangu. Nilimpikia hasira usiku kucha, yeye na mafuta ya cherehani yake.

*

Ijumaa Madamu Kabatesi aliwahi. Saa tatu na nusu alikuwa tayari anapanda ngazi ya nje, na mimi nilikuwa nimemshika Habib kwa maneno pale pale penye cherehani yake.

"Ni mafuta yako! Nilikuambia Jumanne! Nilikuambia!"

"Petit, tuliza moyo. Mafuta yangu haijatoka mu sanduku."

"Mushona magodoro! Miezi saba yangu umeiharibu na mikono yako michafu!"

Watu wa ufukweni waligeuka. Habib alivua miwani. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Hii mikono inanawa mara tano kwa siku," alisema. "Yako?"

Kabatesi alitupita. Alishuka sebuleni, nasi tukamfuata. Alisimama mbele ya ukuta. Alinyoosha kidole akagusa jicho moja. Naapa alisikitika. Kama angecheka ingekuwa rahisi zaidi.

"Hii ni nini?"

"Ni mafuta," nilisema. "Mtu ameweka mafuta juu ya kazi yangu."

"Mtu nani? Nani amepanda mashua hii tangu Jumatatu?"

"Mimi," nilisema. "Na yeye."

Habib aliinamisha kichwa. Wakati ule nilidhani ni hatia.

Ndipo tukasikia viatu kwenye ngazi, na mama akashuka. Alikuwa amevaa mushanana wa zambarau, lile vazi la kufunga begani, la harusi na Krismasi, ameshika pindo lisiguse vumbi. Aliwasalimia wote kwa Kinyarwanda, akainama kidogo kwa madamu. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, cha kupunguziana bei ya viazi. Kile cha Mwanza kinampita juu ya kichwa.

"Sikiliza, Hitimana," Kabatesi alisema, na alisema haraka. "Mimi si mtu wa kuonea. Kama kuna aliyekuharibia kazi, mtaje, aondoke leo, nami nitakupa mpaka Jumatano. Bado rangi itapata siku zake nikihitaji. Lakini kama ni wewe hujui kazi ya vanishi, kopo liko juu, leo hii. Ni nani?"

Nilifungua mdomo niseme Habib. Mama alikuwa anautazama ukuta. Uso wake ulikuwa umeshtuka, kama mtu anayemkuta mtoto aliyemwacha mzima ana homa. Aliinua mkono akaushika mdomo, na chini ya kucha zake zote, kwenye mikunjo ya vidole, niliona wekundu. Wekundu wa kopo. Wekundu ambao katika libuyu huwezi kuuona, mti mwekundu umemeza nta nyekundu, na harufu yake ni harufu ya tina, na mimi nilikuwa nanuka tina tangu Jumatatu.

Nikaelewa kila kitu kwa pigo moja. Alishuka jana akaukuta ukuta umepauka. Mwanawe amejisifu, na ukuta umepauka, na kesho bosi anakuja. Alifungua mfuko wake wa kazi, akatoa kitambaa na kopo, akapiga magoti.

"Jana hii..." mama alianza, kwa Kinyarwanda.

"Mama, nyamaza," nilisema.

Alinyamaza. Alikuwa hajawahi kusikia neno lile kutoka kwangu. Aliushusha mkono, akasogea nyuma karibu na ngazi, akawa mdogo ndani ya mushanana ule.

Mbele ya ukuta ule kulikuwa na watu watatu wa kutajwa: Habib, mama, na mimi. Nikimtaja Habib, atakunja cherehani yake leo kwa kosa ambalo si lake. Nikimtaja mama, ukuta utabaki. Hilo nililiona wazi: siku tano, msasa, tina, mikono mingine minne, na Kabatesi angejiona usoni. Na mama angesimama pale na nguo yake ya Krismasi, atafsiriwe neno kwa neno jinsi alivyoharibu kazi ya mwanawe kwa kitu pekee anachokijua duniani.

Sikutaka. Msidhani nilikuwa mwema. Niliutaka ukuta ule mpaka meno yakaniuma.

"Ni mimi," nilisema. "Sikufuta kabla ya mkono wa mwisho. Nilikuwa na haraka."

"Umetoka kumtukana huyu mzee mbele ya ufukwe mzima."

"Nilidanganya."

Kabatesi alinitazama, akamtazama Habib, akatikisa kichwa. "Kipaji unacho," alisema. "Adabu huna. Kopo liko juu."

*

Rangi pia haishiki juu ya nta. Kwa hiyo ilinibidi kwanza kuukwangua ukuta, mikono yote minne, mpaka kwenye mti, siku nzima ya Ijumaa. Vanishi ilitoka kama magamba ya samaki. Habib alikuwa juu anashona, na siku nzima sikusikia utani wake. Jioni alishuka na kikombe cha chai, akakiweka kwenye ngazi, mbali nami.

"Papa Habib," nilisema, "ulijua."

"Nilimuona. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, anapiga, anapiga. Mi nilifikiri ni kazi ulimupa. Kisha nikaona sura yako jana, nikataka kusema, ukanifukuza."

"Na leo asubuhi? Mbona hukusema leo?"

"Mbele ya ule madamu? Mama ya mutu hashitakiwake, petit. Hata ya mutu mwenye amekutukana." Alivaa miwani. "Ulifanya vizuri pale mwisho. Lakini lile neno la mikono, lile sijaliacha. Kunywa chai."

"Nisamehe."

"Kunywa chai," alisema, na akapanda.

Jumamosi nilipaka nyeupe. Nilipaka vizuri, kwa sababu sijui kupaka vibaya. Mishipa ya libuyu ilionekana chini ya mkono wa kwanza, hafifu, kama mtu aliye nyuma ya pazia. Chini ya mkono wa pili haikuonekana tena. Na ubaya wenyewe ni huu: palipendeza. Sebule ilipanuka. Mwanga uliingia kwenye dirisha la juu ukakaa. Kabatesi alishuka akasema "Umeona sasa?" kwa sauti ya upole, nami nilitamani kumpiga kwa kopo.

Jumapili nilipanda Nyundo. Nilimkuta mama ametoka misa, anamenya viazi mlangoni, na nyuma yake sakafu ya nyumba yake ndogo inawaka wekundu. Hakuinuka kunisalimia kama kawaida. Nilikaa kwenye kizingiti.

"Uliniambia ninyamaze," alisema baada ya viazi vitatu. "Mbele ya yule mwanamke."

"Nilikosa, mama."

"Ulinionea aibu. Nilijua nitakutia aibu. Nilimwambia jirani, mimi nitaingiaje mahali kama pale."

"Sikukuonea aibu."

"Basi ilikuwa nini?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Maneno mafupi, na ya kweli. Yangemwondolea hili la aibu na kumpa lingine ambalo angekufa nalo. Niliyameza.

"Nilikuwa na hasira na kazi," nilisema. "Kazi ilikataa."

Alichukua mkono wangu, akaugeuza. Rangi nyeupe ilikuwa imekauka chini ya kucha.

"Wameupaka nyeupe?"

"Nimeupaka mimi."

Alikaa na mkono wangu kwenye mkono wake. Nikaona machozi yake, na alikuwa amekasirika kwa ajili yangu.

"Na mimi niliuacha unang'aa," alisema. "Nilikukuta haupo, nikaona ukuta umekauka, maskini, nikasema mtoto wangu atachekwa. Nikaupiga. Mara moja tu, sikuwa na muda, gari lilikuwa linaondoka. Ungenipigia simu Jumatano, ningeupiga mara tatu, na hata yule mwanamke angekosa la kusema. Kwa nini hukuniita mapema?"

Niliokota kiazi kwa mkono wangu mwingine, nikakirudisha.

"Hitimana. Siku ukipata kazi nyingine kama ile, utaniita mapema? Au utaniambia tena ninyamaze?"

Nilimtazama machoni, na nikasema kwa sauti, hata jirani aliyekuwa anaanua nguo akageuka:

"Nitakuita, mama. Ukuta ujao nitakaoujenga, sitagusa vanishi. Nitakuita wewe kabla ya mtu yeyote, uje na kopo lako, na utaupiga wewe, mara tatu."